Baba Amepoteza Maneno: Je, Akili Nayo Imekwenda?

SWALI

Shikamoo Tabibu. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi hapa Makorora, Tanga. Baba yangu ana umri wa miaka 71. Alizaliwa Moa, akalelewa kwa Kidigo, kisha akaja mjini akiwa kijana kufanya kazi bandarini hadi alipostaafu. Mwezi wa Rajabu alipatwa na kiharusi alipokuwa akitia udhu kwa sala ya alfajiri. Upande wake wa kulia ulilegea, na maneno yakamtoka yote isipokuwa moja: "basi". Akitaka uji ni "basi, basi". Akikasirika ni "basi". Na akimwona mjukuu wake humwita "basi" huku anatabasamu. Kinachotushangaza ni kwamba shehe alipokuja kumwombea dua, baba alimfuata katika Alhamdu tangu mwanzo hadi mwisho bila kukosea, na muda mfupi baadaye hakuweza kuomba maji. Wapo jirani wanaosema kuwa ni pepo, wapo wanaosema akili imekwisha, na baba zangu wadogo wameanza kuzungumzia kuuza shamba lake la minazi mbele yake kana kwamba hayupo. Naomba unieleze wataalamu wanasema nini juu ya hali hii, na wamelijua jambo hili tangu lini.

Binti wa Makorora, Tanga

JIBU

Marahaba, binti yangu, na pole kwa kuuguza. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu swali lako limeulizwa kwa namna mbalimbali kwa zaidi ya miaka elfu tatu, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wagonjwa wa namna ya baba yako wamedhulumiwa na majibu yasiyo sahihi.

Hali hiyo wataalamu huiita afasia, yaani kupotewa na lugha kwa sababu ya jeraha la ubongo. Katika kiharusi, mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo huziba au hupasuka, na sehemu iliyokosa damu hufa upesi. Kwa watu walio wengi lugha hutegemea zaidi nusu ya kushoto ya ubongo, na nusu hiyo hiyo ndiyo inayoongoza mkono na mguu wa kulia; ndiyo maana baba yako alilegea kulia na kunyamaza kwa wakati mmoja, bila kuhitaji pepo wa kuyaunganisha mambo hayo mawili. Ulimi wake nao haukupooza, kwani ulimi uliopooza usingeweza kuisoma Alhamdu yote kwa makharija yake.

Habari za kale tulizo nazo zinatoka Misri. Katika hati ya mafunjo iliyoandikwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo, ambayo leo huitwa kwa jina la Edwin Smith aliyeinunua mjini Luxor mwaka 1862, zimeelezwa hali 48 za majeruhi, na miongoni mwao yumo mtu aliyevunjika mfupa wa panja ambaye mwandishi anasema kwamba hawezi kunena. Tabibu yule aliona kwa macho yake kuwa pigo la kichwa huweza kuondoa usemi, na akaishia hapo. Baadaye Aristotle wa Ugiriki aliufanya moyo kuwa makao ya fahamu, akauachia ubongo kazi ya kupoza mwili. Galen, katika karne ya 2, aliurudishia ubongo heshima yake. Na waliokuja baada yake, akiwemo Ibn Sina, waliziweka nguvu za akili katika vyumba vyenye majimaji vilivyo ndani ya ubongo, kumbukumbu ikipewa chumba cha nyuma. Kwa mtazamo huo, mtu asiyeweza kutaja jina la kitu alihesabiwa kuwa amepoteza kumbukumbu. Katika karne ya 15, tabibu wa Italia aliyeitwa Antonio Guainerio aliandika juu ya mzee aliyekuwa amebakiwa na maneno matatu tu, na aliyelaumiwa ni belghamu iliyojaa katika chumba hicho cha nyuma. Hata vitabu vilivyosomwa na wenye elimu, basi, vilisema karibu lile lile wanalolisema jirani zako: akili imeharibika.

Miaka mingi ilipita kabla mtu mwenyewe hajapata nafasi ya kuipima akili yake akiwa hana usemi. Mtu huyo alikuwa Samuel Johnson, Mwingereza aliyetunga kamusi kubwa ya lugha yake. Usiku mmoja wa Juni 1783, akiwa na umri wa miaka 73, aliamka akahisi kichwa kimevurugika, akamwomba Mungu kwamba vyovyote atakavyouadhibu mwili wake, amwachie akili. Ili kuijaribu akili hiyo, dua yenyewe aliitunga kwa beti za Kilatini. Aliona kuwa beti hazikuwa nzuri sana; lakini alijua kuwa hazikuwa nzuri, naye akaona kwamba uwezo wake wa kupambanua uko salama. Ndipo alipogundua kwamba usemi umeondoka. Alichukua kalamu akaandika barua za kuomba msaada, ingawa mkono ulikuwa ukiandika herufi asizozikusudia. Mtu aliyeyakusanya maneno ya lugha nzima katika kitabu alilala kitandani bila neno la kutamka, huku ndani akipima mizani ya mashairi. Kila ninapoulizwa kama asiyesema bado anafikiri, huyu ndiye ninayemkumbuka kwanza.

Na kuhusu Alhamdu, baba yako si wa kwanza. Mwaka 1745 Olof Dalin wa Sweden aliandika habari za mtu aliyepooza upande wa kulia na kukosa usemi, ambaye hata hivyo aliweza kuimba nyimbo za kanisani alizojifunza zamani, na kusoma sala fulani pamoja na wengine, mtu akimwanzishia. Badilisha kanisa liwe msikiti, na mtu huyo ni baba yako.

Kisha yuko Louis Victor Leborgne, ambaye nadhani kila anayemuuguza mgonjwa wa afasia anapaswa kumjua. Alikuwa fundi wa kuchonga kalibu za viatu huko Ufaransa. Alikuwa na kifafa tangu ujanani, na alipofikia umri wa miaka 30 hivi alipoteza usemi, akalazwa katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, akakaa humo miaka 21. Sauti pekee aliyoweza kuitoa ilikuwa "tan", ambayo kwa kawaida aliitamka mara mbili, "tan, tan", na kila mtu hospitalini akamwita kwa sauti hiyo badala ya jina lake. Akighadhibika kwa kutoeleweka, alitoa apizo zima lililonyooka. Mwezi wa Aprili 1861 alihamishiwa kwa daktari mpasuaji Paul Broca kwa sababu ya mguu uliooza, na Broca akajipa taabu ya kumchunguza kwa swali baada ya swali. Akiulizwa amekaa Bicêtre miaka mingapi, alifungua vidole vya mkono wa kushoto mara nne kisha akaongeza kidole kimoja. Alisoma saa barabara. Alifariki tarehe 17 Aprili, na nitaeleza katika jibu linalofuata yaliyoonekana katika ubongo wake. Ilichukua zaidi ya miaka 150 jina lake kamili na kazi yake kujulikana kwa wasomaji, pale mtafiti wa Poland Cezary Domański alipoyachapisha mwaka 2013. Huko nyuma vitabu vilimtaja kama "Tan" tu, na mimi huona uchungu kwamba mtu alikumbukwa kwa jeraha lake akasahauliwa kwa ufundi wake.

Aliyetueleza kwa nini apizo na sala hubaki ni John Hughlings Jackson, daktari wa London, katika miaka ya 1860 na 1870. Jackson alisema kuna usemi wa kutunga, ambao mtu huufuma upya kila mara kulingana na anachotaka kueleza, na kuna usemi uliokwisha kufumwa zamani, unaotoka kwa mkupuo: salamu, kuhesabu moja hadi kumi, laana, sala, nyimbo. Jeraha la kushoto huvunja ule wa kwanza kwa ukali zaidi, na Jackson alidhani kwamba ule wa pili hutegemezwa pia na nusu ya kulia. Kuomba maji ni kutunga sentensi. Alhamdu aliyoisoma mtu tangu chuoni, mara 17 kila siku katika sala za faradhi kwa miaka zaidi ya sitini, haihitaji kutungwa. Kwa hiyo msimshuku kwamba anajifanya, na wala msimlazimishe kwa kumwambia, "Mbona Alhamdu unaiweza?"

Sasa nirudi kwenye akili, kwa sababu ndiyo inayohusu shamba. Hata baada ya Broca wakubwa wa elimu hii waligawanyika. Armand Trousseau, aliyelibuni jina la afasia mwaka 1864, alishikilia kwamba akili ya mgonjwa huwa imepungua. Pierre Marie naye aliandika mwaka 1906 kwamba kiini cha afasia ni upungufu wa akili. Mimi mwenyewe nilipokuwa tabibu kijana nilimwandikia mgonjwa mmoja kwenye cheti kwamba "amechanganyikiwa", kwa sababu tu nilimuuliza jina lake akajibu jina la mkewe. Nilikosea, na jamaa zake walimtendea kwa mujibu wa neno langu. Utafiti wa karne hii umeelemea upande mwingine. Mwaka 2005 Rosemary Varley na wenzake nchini Uingereza walichapisha habari za wanaume watatu wenye afasia kali ambao sarufi iliwashinda kabisa, hata hawakuweza kutambua katika sentensi nani aliyetenda na nani aliyetendewa, lakini walikokotoa hesabu, zikiwemo za kutoa ambamo kubadili mpangilio wa namba hubadili jibu. Mtunzi wa muziki wa Kisovieti, Vissarion Shebalin, alipigwa na kiharusi mara mbili, akabaki na afasia nzito, na bado aliikamilisha simfonia yake ya tano mwaka 1962.

Sisemi kwamba baba yako anaelewa kila linalosemwa. Afasia hugusa pia kusikiliza, kusoma na kuandika, kwa viwango vinavyotofautiana, na kiharusi kikubwa kinaweza kugusa mambo mengine ya akili. Hilo hupimwa kwa utulivu, mgonjwa mmoja mmoja. Lakini anayemwita mjukuu kwa tabasamu, akakasirika pale panapostahili hasira, amekuonyesha tayari kwamba yupo.

SWALI

Tabibu, shikamoo. Nasoma kidato cha sita, Muheza. Tumefundishwa kwamba Paul Broca aligundua kituo cha lugha katika ubongo mwaka 1861. Kaka yangu aliye chuoni anasema jambo hilo limekwisha kukanushwa. Nimfuate nani?

Mwanafunzi, Muheza

JIBU

Marahaba. Broca hakuwa wa kwanza kulisema, na alilolisema halikukanushwa, ingawa limepanuliwa hadi karibu halitambulikani.

Mbegu ilipandwa na Franz Joseph Gall, mganga aliyesomea Vienna, aliyeamini kwamba kila kipaji kina mahali pake katika ubongo na kwamba mahali hapo huvimba hadi kuonekana juu ya fuvu. Shuleni aliwaona wenzake hodari wa kukariri wana macho yaliyotokeza, akahitimisha kwamba kumbukumbu ya maneno iko nyuma ya macho. Hoja hiyo haikuwa na msingi, na kupapasa mafuvu ya watu kuligeuka biashara ya walaghai. Lakini wazo la kwamba ubongo una mgawanyo wa kazi lilibaki. Mfaransa Jean-Baptiste Bouillaud alilichukua, akakusanya wagonjwa, na mwaka 1825 akatangaza kwamba usemi unategemea sehemu ya mbele ya ubongo. Alikuwa na uhakika kiasi kwamba mwaka 1848 aliahidi faranga 500 kwa yeyote atakayemletea ubongo wa mtu aliyeharibika sehemu hiyo bila kuharibikiwa usemi.

Mkwe wake, Ernest Aubertin, ndiye aliyeiwasha hoja hiyo upya mjini Paris mwaka 1861, na Broca alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Siku chache baadaye akaletewa Leborgne. Mgonjwa alipofariki, Broca aliutoa ubongo wake, akakuta shimo katika sehemu ya mbele upande wa kushoto, na kesho yake akauonyesha katika Chama cha Anthropolojia cha Paris. Mwaka huo huo alipata mgonjwa wa pili, mzee Lelong wa miaka 84, aliyebakiwa na maneno matano, mojawapo likiwa ni jina lake lililokatika na jingine likiwa ni "tatu" la Kifaransa lisilotamkwa sawasawa. Neno hilo alilitumia kwa kila idadi: aliulizwa ana watoto wangapi, akajibu "tatu" na kuinua vidole vinne, kwa kuwa walikuwa wanne. Ubongo wake ulikuwa na jeraha dogo karibu mahali pale pale.

Broca alikuwa mwangalifu kuliko wengi waliomfuata. Hadi mwaka 1865, baada ya kukusanya wagonjwa wa kutosha, ndipo alipoandika waziwazi kwamba tunasema kwa nusu ya kushoto ya ubongo. Hapo penyewe pana haki ya mtu mwingine: Marc Dax, daktari wa kusini mwa Ufaransa, alikuwa ameandika jambo hilo mwaka 1836 kutokana na wagonjwa zaidi ya 40, akafariki mwaka uliofuata, na karatasi yake ikakaa hadi mwanawe Gustave alipoichapisha mwaka huo huo wa 1865. Mwalimu wako akikuuliza nani aligundua upande wa kushoto, mtaje Dax pamoja na Broca.

Mwaka 1874 kijana wa miaka 26, Carl Wernicke wa Breslau, mji ambao leo uko Poland na unaitwa Wrocław, alieleza aina nyingine kabisa ya ugonjwa. Wagonjwa wake walisema kwa wepesi, hata kwa wingi, lakini maneno hayakushika maana, na wao wenyewe hawakuelewa walichoambiwa. Jeraha lao lilikuwa nyuma zaidi, karibu na eneo la kusikia. Jambo kubwa alilolifanya Wernicke, kwa maoni yangu kubwa kuliko ugunduzi wa eneo lenyewe, ni kufikiri juu ya njia. Alisema kwamba ikiwa kuna mahali pa sauti za maneno na mahali pa kuyatamka, lazima ziwepo nyuzi za kuyaunganisha, na zikikatika patatokea ugonjwa wa tatu ambao ulikuwa haujaelezwa. Ukatokea: mgonjwa anaelewa, anasema, lakini ukimwambia arudie neno ulilolitamka, hawezi. Nadharia inayotabiri ugonjwa kabla haujaonekana ni nadharia ya kuheshimiwa.

Baada yake ukaja wakati wa michoro. Ludwig Lichtheim alichora mwaka 1885 vituo na mishale, wengine wakaongeza vituo na mishale, mpaka kila mgonjwa asiyeingia katika mchoro akachorewa mshale wake. Sigmund Freud, kabla hajajulikana kwa mambo ya nafsi, aliandika mwaka 1891 kitabu kizima cha kuikosoa michoro hiyo. Na Jackson niliyemtaja juu alikuwa ametangulia kuonya mwaka 1874 kwamba kupajua mahali ambapo jeraha huharibu usemi hakumaanishi kupajua mahali ambapo usemi unakaa. Wewe wa Muheza utamwelewa vizuri: reli ikikatika Mombo, shehena iliyotoka Tanga haifiki Moshi, lakini hakuna mwenye busara atakayesema kwamba shehena hutengenezwa Mombo.

Vita mbili kuu za dunia ziliwaletea madaktari maelfu ya vijana wenye majeraha ya risasi kichwani, na kutokana nao Henry Head wa Uingereza na Alexander Luria wa Umoja wa Kisovieti waliandika kazi kubwa. Luria, katika kitabu chake cha mwaka 1947, alieleza lugha kama kazi ya pamoja ya sehemu nyingi za ubongo, kila moja ikiwa na mchango wake, na akatumia elimu hiyo kuwafundisha askari kusema tena kwa kupitia njia zilizobaki nzima. Huko Montreal, Wilder Penfield aliwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, akigusa ubongo kwa umeme mdogo na kuona ni wapi neno linakwama. Ramani haikulingana kati ya mtu na mtu.

Mwisho wa kisa unarudi Paris. Broca hakuzikatakata bongo za Leborgne na Lelong, alizihifadhi nzima, na mwaka 2007 Nina Dronkers na wenzake wakachapisha picha walizozipiga kwa mashine ya sumaku. Jeraha la Leborgne lilikuwa limezama ndani mno kuliko lile lililoonekana juu, likakata nyuzi zinazounganisha mbele na nyuma; na eneo lililoharibika kwa wagonjwa wote wawili halikulingana barabara na lile tunaloliita leo kwa jina la Broca. Kaka yako, basi, ana ushahidi. Lakini ushahidi huo umepatikana kwa sababu Broca alizitunza bongo hizo ili wengine waje wamhakiki, na mwalimu wako hakosei kumpa heshima yake.

SWALI

(Barua hii ya pili ya binti wa Makorora ilitufikia kabla ukurasa haujakwenda mitamboni.)

Tabibu, shikamoo tena. Wiki hii baba amesema. Shangazi alikuja kutoka Moa, akakaa naye siku tatu, na siku ya tatu baba akatamka "madzi", kisha maneno mengine machache, yote ya Kidigo. Kiswahili, alichokisema kila siku kwa zaidi ya miaka hamsini, bado hakijatoka. Je, ndiyo kawaida? Na Kiswahili kitarudi?

JIBU

Alhamdulillahi. Umenifurahisha, na umenipa swali ambalo limewashughulisha watu tangu Théodule Ribot alipoandika mwaka 1881 kwamba kumbukumbu za zamani hudumu kuliko mpya. Kwa kanuni hiyo, lugha ya mama ndiyo itakayosalimika au kurudi kwanza. Mwaka 1895 Albert Pitres wa Bordeaux aliwachunguza wagonjwa wenye lugha zaidi ya moja, akasema kwamba inayorudi kwanza ni ile iliyozoeleka zaidi kabla ya ugonjwa. Baba yako anamuunga mkono Ribot. Jirani yake anaweza kumuunga mkono Pitres. Mieczysław Minkowski wa Zürich alieleza mwaka 1928 habari za mtu ambaye lugha ya mama yake ilikuwa Kijerumani cha Uswisi, lakini aliporudiwa na usemi alirudiwa na Kifaransa, lugha ya mwanamke aliyempenda sana ujanani. Na mwaka 1982 Michel Paradis na wenzake walichapisha habari za mtawa wa Kifaransa aliyefanya kazi Morocco, ambaye baada ya ajali alikuwa na siku za kusema Kiarabu huku Kifaransa kikimshinda, na siku nyingine kinyume chake. Paradis aliyakusanya maandiko ya wagonjwa wa namna hii tangu miaka ya 1970, na alichokiona ni kwamba kanuni zote mbili huvunjika, na kwamba mara nyingi zaidi lugha za mgonjwa hurudi sambamba. Kisa kama cha baba yako huandikwa kwa sababu si cha kawaida sana.

Huo uchunguzi mwingi umefanywa kwa lugha za Ulaya. Ndiyo maana nilifurahi kuiona kazi ya Tom Abuom na Roelien Bastiaanse, iliyochapishwa mwaka 2012, juu ya wagonjwa wa Kenya wasemao Kiswahili na Kiingereza, iliyoonyesha kwamba jeraha lile lile halijidhihirishi kwa sura moja katika lugha hizo mbili. Lugha ambayo neno moja, kama "hawakumpa", hubeba ukanushi, mtenda, wakati na mtendewa haiwezi kupimwa kwa kipimo kilichoshonwa kwa lugha nyingine. Sisi wa mkoa huu, ambamo Kidigo, Kibondei, Kisambaa, Kizigua na Kisegeju vinakaa nyumba moja na Kiswahili, tuna mengi ya kuwafunza wataalamu, kama watakuja kusikiliza.

Ama kurudi kwa Kiswahili: nafuu kubwa huonekana katika miezi ya mwanzo, lakini mlango haufungwi hapo. Utafiti uliofanyika Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2017 uliwachukua watu waliokaa na afasia kwa zaidi ya miezi sita, wakapewa mafunzo mazito ya usemi kwa wiki tatu, angalau saa 10 kila wiki, na mawasiliano yao yakaboreka. Ukimpata mtaalamu wa tiba ya usemi, mfikishe kwake. Usipompata, Kidigo ndicho kilichofunguka, kwa hiyo piteni humo. Shangazi akae naye kila siku kwa vipindi vifupi, wazungumze juu ya vitu vinavyoonekana, sentensi fupi, redio imezimwa, na apewe muda wa kutosha wa kutafuta neno kabla hamjamsaidia. Presha yake ipimwe mara kwa mara na dawa zisikatishwe, kwa kuwa kiharusi cha pili ndicho kinachoweza kuyafuta haya yote.

Na juu ya shamba, wasomee baba zako wadogo barua hii. Wamkute baba asubuhi, kabla hajachoka, shangazi akiwepo. Mwekeeni mbele karatasi mbili, moja imechorwa mnazi umesimama na nyingine imechorwa fedha, mkamuulize swali moja kwa wakati mmoja, kwa Kidigo. Wagonjwa wa afasia huweza kuchanganya "ndiyo" na "siyo" hali wanajua wanachokitaka, kwa hiyo muulizeni pia kinyume chake, kisha mrudie siku nyingine mkiwa mmebadilisha karatasi mikono. Akigusa mnazi mara zote, shamba haliuzwi.